ROW_NUMBER, RANK au DENSE_RANK: wa tano ni nani kati ya watatu wenye 640?

Zawadi zilikuwa tano: kauntabuku nne nne na begi moja kwa kila mshindi. Mwalimu wa taaluma aliniomba orodha ya watano bora wa kidato cha tatu, nikamchapia majina matano, akayabandika ubaoni, nami nikarudi zangu mjini Moshi nikijiona fundi. Jumatatu nikapigiwa simu nipande tena shuleni. Ofisini nikamkuta mama mmoja anayeuza mitumba soko la Memorial, ameshika ripoti mbili mkononi, moja ya mwanawe na nyingine ya rafiki yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu nisomee hapa. Huyu ana 640, na huyu ana 640. Huyu kapewa begi, wangu kaandikiwa wa sita. Wa sita kazidiwa nini na wa tano?"

Hakuzidiwa kitu. Na alikuwapo mwingine wa tatu mwenye 640 ileile, kaandikiwa wa saba. Kanzidata haikukosea, mimi ndiye niliyeiuliza swali nisilolitaka. Nilitumia ROW_NUMBER(), amri ya kugawa nambari za mfululizo, mahali palipohitaji mazungumzo kwanza: wakifungana, tunafanyaje?

Fanksheni zinazotumika sana kupanga nafasi ndani ya SQL, lugha ya kuiuliza kanzidata maswali, ni tatu: ROW_NUMBER, RANK na DENSE_RANK, na anayekutana nazo mara ya kwanza huziona kama mapacha. Kwenye data isiyo na sare zinatoa jibu moja. Ndiyo maana unaweza kukaa na isiyofaa miaka miwili bila kujua, mpaka siku wawili wafungane na mmoja wao awe na mama asiyekubali kirahisi.

Tupime kwa nini

Nitazipitisha zote kwenye maswali yaleyale. Inafanya nini penye sare? Mtu asiyejua SQL akiisoma ile nambari, ataelewa nini? Ukisema "tano bora", wanatoka wangapi? Ukichapa tena kesho bila kubadilisha alama, utapata karatasi ileile? Na mwisho kasi na toleo la mfumo ulionao.

Hilo la kasi nilimalize hapahapa, maana halichagui mshindi. Zote tatu hupanga mistari, kisha hutembea kutoka juu kwenda chini zikigawa nambari. Kwa kanzidata ya shule, au hata ya chama cha ushirika chenye maelfu ya wanachama, tofauti ya muda kati yao huwezi kuiona. Kazi nzito ni kule kupanga, na hiyo ni ileile kwa zote. Ukiwa na indeksi (orodha ya pembeni iliyokwisha kupangwa) inayofuata mpangilio unaoutaka, mfumo unaweza hata kuiruka.

Toleo ndilo la kuangalia. Kati ya mifumo ya kanzidata, SQL Server inazo tangu toleo la 2005, PostgreSQL tangu 8.4 ya mwaka 2009, MariaDB tangu 10.2 ya 2017. MySQL ilichelewa mpaka 8.0 iliyotoka Aprili 2018, na SQLite ikafuata Septemba mwaka huohuo kwa toleo la 3.25. Kama mfumo wako unakaa juu ya MySQL 5.7, ambayo muda wake wa kuhudumiwa uliisha Oktoba 2023, hakuna hata moja kati ya hizi tatu itakayokubali. Wewe ruka mpaka sehemu ya njia ya kale.

Jedwali moja, hesabu tatu

Nimelipunguza darasa libaki na wanafunzi wanane, masomo tisa, jumla ya alama zao ikiwa kwenye safu iitwayo jumla:

```sql
SELECT namba, jumla,
       ROW_NUMBER() OVER (ORDER BY jumla DESC) AS mfuatano,
       RANK()       OVER (ORDER BY jumla DESC) AS nafasi,
       DENSE_RANK() OVER (ORDER BY jumla DESC) AS ngazi
FROM matokeo
ORDER BY jumla DESC;
```

| namba | jumla | mfuatano | nafasi | ngazi |
|---|---|---|---|---|
| 014 | 682 | 1 | 1 | 1 |
| 003 | 671 | 2 | 2 | 2 |
| 021 | 671 | 3 | 2 | 2 |
| 009 | 655 | 4 | 4 | 3 |
| 017 | 640 | 5 | 5 | 4 |
| 002 | 640 | 6 | 5 | 4 |
| 011 | 640 | 7 | 5 | 4 |
| 006 | 618 | 8 | 8 | 5 |

DESC ni kupanga kutoka kubwa kwenda ndogo. Angalia kwamba ORDER BY imeandikwa mara mbili kwa maana mbili. Ile iliyo ndani ya OVER inaamua nambari zigawiwe vipi. Ile ya mwisho inaamua karatasi ipangwe vipi. Ukiiacha ya mwisho, nambari zitakuwa sahihi lakini hakuna anayekuahidi mistari itatoka kwa utaratibu huo.

Sasa chukua "tano bora" kwa kila safu, yaani nambari isiyozidi 5. Mfuatano unakupa watu 5. Nafasi inakupa 7. Ngazi inakupa 8, darasa zima, mpaka wa mwisho anapanda jukwaani kuchukua begi.

ROW_NUMBER: kila mtu na kibao chake

Hii ni ile nambari unayopewa dirishani ukisubiri huduma. Hata mkifika mlangoni pamoja, mmoja atapewa 5 na mwingine 6. Sare kwake haipo. Ikikutana na mistari mitatu yenye 640 itagawa 5, 6 na 7, na isipoambiwa kigezo kingine itazigawa kwa namna yoyote inayoirahisishia.

Msomaji wa kawaida akiona 6 anaamini kuna watano waliomzidi. Kwenye ripoti ya mtoto huo unakuwa uongo, lakini kwenye orodha ya mahudhurio, namba za mistari ya ankara au kurasa za matokeo mtandaoni, ni sawa kabisa. Pale nambari ni ya kuhesabia, haimpimi mtu.

Kwenye kukata ndiyo pekee inayotii hesabu. Ukitaka watano unapata watano. Kama viti ni vitano au bajeti ni ya watu watano, zile nyingine mbili zinaweza kukuletea ugeni usioutegemea.

Kurudia ndiko inakoumiza watu, na mimi ilinitokea wiki ileile. Baada ya yule mama kuondoka nilichapa tena orodha ileile, na wa tano akawa mwingine. Alama hazikuguswa. Kilichoguswa ni namba ya simu ya mzazi wa 017, niliyokuwa nimeisahihisha asubuhi. PostgreSQL ukibadilisha kitu ndani ya mstari huandika nakala mpya ya mstari mzima, mara nyingi mahali pengine kwenye faili, kwa hiyo waliofungana wakasomwa kwa mfuatano mwingine. Mwalimu wa taaluma aliniangalia kama mtu anayecheza karata tatu stendi.

Dawa yake ni kuongeza kigezo kisichofungana:

```sql
ROW_NUMBER() OVER (ORDER BY jumla DESC, hisabati DESC, namba)
```

Hapo kuna vitu viwili tofauti, na ni vizuri kuvitenganisha. Alama za hisabati ni kanuni ya haki, ambayo shule inaweza kuitetea mbele ya mzazi. Namba ya usajili ni kwa ajili ya kurudia tu, ili karatasi ya leo na ya kesho zifanane. Ukiiacha namba pekee iamue zawadi, na namba zenu hutolewa kwa alfabeti ya majina ya ukoo, basi Assey atamshinda Urassa kila muhula mpaka wamalize kidato cha nne.

Kazi ninayoipenda zaidi kwa ROW_NUMBER haihusu mashindano hata kidogo. Chama cha msingi cha wakulima wa kahawa kina daftari la mapokezi, kila mwanachama ameleta mara nyingi, na katibu anataka mapokezi ya mwisho tu ya kila mmoja:

```sql
WITH p AS (
  SELECT m.*,
         ROW_NUMBER() OVER (PARTITION BY mwanachama
                            ORDER BY tarehe DESC, id DESC) AS mfuatano
  FROM mapokezi m
)
SELECT * FROM p WHERE mfuatano = 1;
```

PARTITION BY inaanza kuhesabu upya kwa kila mwanachama. Ukitumia RANK hapa kwa tarehe pekee, mwanachama aliyeleta mara mbili siku hiyohiyo atatokea mara mbili, na malipo nayo yatatoka mara mbili. Muundo huuhuu ndio wa kusafishia wanachama walioandikishwa mara mbili: gawanya kwa namba ya kitambulisho, bakiza mfuatano wa 1, kagua waliobaki.

RANK: waliokuzidi ongeza moja

RANK inawapa waliofungana nambari moja, kisha inaruka. Wawili wakiwa wa pili, anayefuata ni wa nne. Michezo mingi huhesabu hivi. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, tarehe 1 Agosti 2021, Mutaz Barshim wa Qatar na Gianmarco Tamberi wa Italia waligawana dhahabu ya kuruka juu. Fedha haikutolewa kwa mtu. Aliyefuata, Maksim Nedasekau wa Belarus, alipewa shaba: 1, 1, 3.

Mfano huo una jambo jingine tamu kwa watu wa SQL. Wote watatu walivuka mita 2.37. Nedasekau aliangukia nafasi ya tatu kwa sababu kanuni ya michezo, watu wakifungana urefu, huhesabu majaribio waliyoshindwa, na yeye alikuwa na mengi kuliko wenzake. Barshim na Tamberi walifungana hata hapo. Kwa lugha yetu, ORDER BY yao ilikuwa na safu zaidi ya moja, na sare iliyobaki baada ya safu zote ndiyo iliyoheshimiwa.

Kwa msomaji, hii ndiyo nambari iliyo karibu zaidi na kile mzazi anachokielewa. Nafasi ya 8 maana yake ni kwamba saba wamekuzidi, basi. Inakaa vizuri pia na ile "kati ya" inayopendwa kwenye ripoti zetu, maana wa mwisho akiwa peke yake atasoma 8 kati ya 8. Hiyo "kati ya" unaipata kwa COUNT(*) OVER () ndani ya swali hilohilo. Ukiongeza PARTITION BY mkondo kwenye safu moja na ukaiacha kwenye nyingine, unapata nafasi ya mkondo na nafasi ya kidato kwa pamoja, bila kuandika maswali mawili.

Kwenye kukata, jiandae kwa wageni. Tano bora ilileta saba. Ikitokea kumi wamefungana nafasi ya tano, watakuja kumi na nne. Hiyo si kasoro, ila aliyenunua mabegi anapaswa kuambiwa mapema. Kama unachotaka ni kukata tu bila kuonyesha nambari, PostgreSQL tangu toleo la 13 ina FETCH FIRST 5 ROWS WITH TIES, na SQL Server ina TOP yenye WITH TIES. Zote mbili zinarudisha watu walewale saba.

Usije ukamtafuta mshindi wa tatu kwa kuandika nafasi = 3. Kwenye jedwali letu hayupo, na swali litarudi tupu, kimya, bila kosa lolote la kukuonya. Nimeona cheti cha mshindi wa tatu kikichapwa bila jina kwa sababu hiyo.

Kurudia hakuna shida. Mistari ya waliofungana inaweza kupishana ndani ya karatasi, lakini 5 ya kila mmoja itabaki 5. Basi tatizo linakuja pale mtu, baada ya kusoma ushauri wa ROW_NUMBER hapo juu, anapoongeza namba ya usajili kwenye ORDER BY ya RANK naye. Sare zote zinakufa papo hapo, na RANK inageuka kuwa ROW_NUMBER yenye jina jingine. Ile namba iweke kwenye ORDER BY ya mwisho ya swali, nje ya OVER.

DENSE_RANK: ngazi bila pengo

Hii nayo inawapa waliofungana nambari moja, ila hairuki. 1, 2, 2, 3. Inahesabu thamani tofauti zilizopo juu yako. Haihesabu watu.

Hapo ndipo inapochanganya ripoti za shule. Mwanafunzi 006 ni wa mwisho kati ya wanane, na DENSE_RANK inamwandikia 5. "Nafasi ya 5 kati ya 8" inasomeka vizuri nyumbani, nami najua walimu walioipenda kwa sababu hiyohiyo. Lakini mzazi mwenye watoto wawili mikondo tofauti atakuja kulinganisha, na mkondo wenye sare nyingi utaonekana na nafasi nzuri kuliko mwenzake bila sababu yoyote ya kimasomo. Ukiitumia kwa watu, iite ngazi na uondoe "kati ya".

Ukitoka shuleni ukaenda kwenye bei, inang'aa. Kwenye mnada wa kahawa hapa Moshi bei kwa miaka mingi zilikuwa zikitajwa kwa dola za Marekani kwa kila kilo 50, na kahawa hutengwa kwa madaraja ya ukubwa na umbo la buni: AA, A, B, PB na mengineyo. Tuseme meneja wa ushirika anauliza, "Kwa kila daraja, bei tatu za juu zilikuwa zipi, na loti zipi zilizipata?" Loti sita zikiwa zimeuzwa kwa bei moja ya juu, RANK itampa zote sita kama 1 na inayofuata itakuwa 7, akikata kwenye 3 ataona bei moja tu. ROW_NUMBER itampa loti tatu zenye bei ileile. DENSE_RANK peke yake ndiyo itakayomwonyesha bei tatu:

```sql
WITH b AS (
  SELECT daraja, loti, bei,
         DENSE_RANK() OVER (PARTITION BY daraja
                            ORDER BY bei DESC) AS ngazi
  FROM mauzo
)
SELECT * FROM b WHERE ngazi <= 3 ORDER BY daraja, ngazi, loti;
```

Vivyo hivyo kwa "mshahara wa pili kwa ukubwa", swali ambalo halikosi kwenye usaili wa kazi za kompyuta. Kwa DENSE_RANK, ngazi = 2 ipo daima ilimradi kuna thamani mbili tofauti, jambo ambalo RANK haiwezi kukuahidi.

Kukata kwake ndiko kusikotabirika kuliko zote, kwa sababu kila ngazi inaweza kubeba mtu mmoja au mia. Kurudia hakuna tatizo, kama RANK.

Njia ya kale: kuhesabu waliokuzidi

Kuna mifumo ya shule inayoendeshwa kwenye seva za kukodi za bei nafuu, na mwenye seva hajapandisha toleo. Kwa hao kuna njia iliyokuwapo kabla ya fanksheni hizi:

```sql
SELECT a.namba, a.jumla,
       (SELECT COUNT(*) + 1 FROM matokeo b
        WHERE b.jumla > a.jumla) AS nafasi
FROM matokeo a
ORDER BY a.jumla DESC;
```

Hiyo ni RANK kwa mkono. Badilisha COUNT(*) + 1 iwe COUNT(DISTINCT b.jumla) + 1, umepata DENSE_RANK. Ya ROW_NUMBER inahitaji uongeze sharti la kuvunja sare kwa namba. Msomaji anaielewa kwa urahisi kuliko zote, maana swali lenyewe linasema "wangapi wamenizidi?", na mimi huwafundisha wanaoanza kwa kupitia hapa kabla ya kuwaonyesha OVER.

Bei yake ni kwamba kila mstari unaulizia jedwali zima. Wanafunzi 400 ni ulinganisho 160,000, kitu cha kufumba na kufumbua. Mistari 50,000 ni bilioni mbili na nusu, na hapo bila indeksi utakwenda kunywa chai Kiboriloni urudi.

Wapo pia wanaotumia vigezo vya MySQL vya mtindo wa @n := @n + 1. Ilikuwa ujanja wa mjini enzi zake. Ila waraka wa MySQL wenyewe unaonya kwamba utaratibu wa kukokotoa hauna uhakika, na tangu 8.0.13 kuweka thamani kwa namna hiyo ndani ya swali kumewekwa kwenye orodha ya vitu vitakavyoondolewa. Mpya usiandike hivyo.

Mitego inayowahusu wote

Asiyefanya mtihani. Wengi huhifadhi utoro kama NULL, yaani mahali pasipo na thamani, na hapa kanzidata hazikubaliani. PostgreSQL huiona NULL kuwa kubwa kuliko thamani zote, hivyo ukipanga alama kwa DESC, mtoro anakuwa wa kwanza darasani. MySQL na SQLite huiona ndogo kuliko zote, kwa hiyo kwa DESC anakwenda chini anakostahili. Ukadhani basi MySQL ni salama? Geuza upande: kwenye matokeo ya kidato cha nne tunahesabu pointi, ambako A ni 1 na F ni 5, na mwenye chache ndiye bora. Unapanga kwa ASC, kutoka ndogo kwenda kubwa, na sasa ni MySQL inayompa mtoro nafasi ya kwanza. PostgreSQL na SQLite kuanzia 3.30 zinakubali NULLS LAST. MySQL haina, kwa hiyo watoe kwa WHERE kabla ya kupanga, kisha waandike "ABS" pembeni.

Kwa kuwa nimegusa pointi: madaraja yenyewe, la kwanza 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21 na kuendelea, si kazi ya fanksheni hizi. Mipaka yake imewekwa tayari na haitegemei wenzako wamepata nini. CASE, yaani sharti la "ikiwa hivi, andika vile", inatosha.

Wastani. Ripoti inaonyesha 71.4 kwa wanafunzi wawili, mmoja kaandikwa wa 6 na mwingine wa 7. Ukifungua ndani, mmoja ana 71.43 na mwenzake 71.38. Panga kwa nambari ileile inayoonekana kwenye karatasi, ama kwa jumla ambayo ni nambari kamili. FLOAT, aina ya safu inayohifadhi desimali kwa kukadiria, usiiamini kwenye sare. Thamani mbili zinazopaswa kulingana zinaweza kutofautiana kwenye tarakimu usiyoiona, na RANK itaheshimu tofauti hiyo bila huruma.

WHERE. Hakuna fanksheni kati ya hizi tatu inayokubali kuwekwa ndani ya WHERE, kwa kuwa WHERE hufanya kazi kabla nambari hazijagawiwa. Ndiyo maana mifano ya juu iliyochuja kwa nambari hizi imeanza na WITH.

Jina la safu. Tangu MySQL 8.0, RANK ni neno la lugha yenyewe. Mifumo iliyokuwa na safu inayoitwa rank iligoma siku ya kupandishwa toleo, na watu wakahangaika kuizungushia alama za kunukuu kila mahali. Sisi tuliozoea kuandika nafasi tulipita salama.

Kwa hali yako

Unachapa ripoti za wanafunzi zenye "nafasi ya ngapi kati ya wangapi": mimi ningeanza na RANK, na ningeandika chini ya ripoti kwamba waliofungana wanashika nafasi moja. Mwalimu anayetaka kuonyesha ngazi za ufaulu tu, bila kulinganisha idadi ya watu, DENSE_RANK haimkosei.

Zawadi, viti au fedha zikiwa na idadi isiyobadilika, ni ROW_NUMBER, lakini kanuni ya kuvunja sare ikubaliwe kwenye kikao na kuandikwa kabla ya mtihani, si baada ya majina kuonekana. Kama kikao hakiwezi kukubaliana juu ya kanuni, hiyo ni dalili kwamba hawataki kuvunja sare. Warudi kwenye RANK waongeze bajeti.

Unatafuta rekodi moja kwa kila mwanachama, kila mkulima au kila mteja, au unafuta zilizojirudia, ROW_NUMBER na PARTITION BY, pamoja na id mwishoni mwa ORDER BY.

Unachunguza bei, mishahara, au kitu chochote ambacho swali lake ni "thamani ya ngapi" na si "mtu wa ngapi", chukua DENSE_RANK.

Uko kwenye toleo la zamani na data ni ya shule moja, swali la kuhesabu waliokuzidi litakuvusha mpaka seva ipandishwe. Data ikiwa ya wilaya nzima, gharama ya kupandisha toleo ni ndogo kuliko muda utakaoupoteza.

Na kama bado unasita, ziweke zote tatu kwenye swali moja kama nilivyofanya juu, tumia data halisi ya muhula uliopita, halafu mpe karatasi mtu wa matumizi, si mtu wa kompyuta. Mimi nilimpelekea mwalimu wa taaluma. Aliinamia safu tatu kwa muda, akazungushia ya katikati kwa kalamu nyekundu, akaniuliza kama wanafunzi wa 640 watakuwa watatu tena. Siku hizi pale shuleni mabegi yananunuliwa baada ya orodha kuchapwa.